Mwalimu Anakimbia, Asifuatwe

Kwetu Kibirichia, juu mlimani Meru, mtu mzima hakimbii bure. Mtoto atakimbia, ng'ombe aliyekata kamba atakimbia, lakini ukimwona mwanamke wa miaka sitini akipita barabarani mbio alfajiri, ujue kuna msiba, au moto, au ndovu wameingia kwenye viazi vya mtu. Na ukiona hivyo huulizi. Unatupa ulichoshika na unamfuata, maana hakuna aibu kubwa kama kusikia baadaye kwamba jirani alipita mbio mbele ya lango lako na wewe ukaendelea kukama.

Hilo nililijua tangu utotoni, na bado nililisahau asubuhi ya kwanza niliyoanza mazoezi. Nilikuwa na miezi miwili tangu nistaafu ualimu. Nilivaa raba nilizonunua Meru mjini, sketi ndefu juu ya suruali ya michezo, sweta mbili na kitambaa cha kichwa, nikatoka langoni na kuanza kukimbia kuelekea sokoni. Sikuwa nimemaliza hata nusu kilomita niliposikia vishindo nyuma yangu. Nilipogeuka nikaona watu saba na mbwa wawili. Mmoja alikuwa na kamba, mwingine panga, na jirani yangu wa karibu, mama tunayeimba naye kwaya, alikuwa na ndoo ya maji mkononi na kiatu kimoja mguuni.

"Mwalimu," akaniuliza huku akihema, "ni nani?"

Alitaka kujua ni nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, nafanya mazoezi. Yule mwenye kamba aliikunja polepole, akaziangalia raba zangu, akarudi kwake. Alikaa majuma mawili bila kunisalimia, na sikumlaumu, kwa sababu alikuwa amemwacha ng'ombe wake amekamwa nusu.

Jumapili iliyofuata nilimwendea mzee wa kanisa anayesoma matangazo, nikamweleza shida yangu. Akasoma mazishi, akasoma harusi, akasoma mkutano wa akina mama, halafu akavua miwani na kusema kwamba mwalimu wetu aliyestaafu anakimbia kila asubuhi kwa hiari yake, na asifuatwe. Kanisa zima lilicheka. Mume wangu aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu, na viatu vyake siku hiyo havikuwa na kamba.

Sasa niseme kilichonitoa nyumbani. Nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja nilisoma chuo cha walimu karibu na Manyatta, upande wa Embu. Nilikuwa mwepesi. Mwalimu wetu wa michezo, mtu mfupi mwenye filimbi shingoni, alitukimbiza kupanda na kushuka vilima vya majani chai, na mwaka wa pili akaandika majina ya wanafunzi wanne ambao angewapeleka Nairobi kukimbia mbio ndefu, kilomita arobaini na mbili. Wasichana tulikuwa wawili: mimi na rafiki yangu tuliyelala naye kitanda cha juu na cha chini, msichana wa Mbeere. Wiki moja kabla ya mbio nikaitwa nyumbani. Wazee wa upande wa pili walikuwa wanakuja kuzungumza mambo ya mahari yangu, na bibi harusi hawezi kuwa Nairobi anakimbia huku wazee wamekaa kwenye viti wanamngoja. Nilimwambia mwalimu wa michezo nitakimbia mwaka ujao. Naye akaniambia vizuri, mwaka ujao.

Huo mwaka ujao ulichukua miaka arobaini. Sikuibiwa na mtu, nisije nikamsingizia mume wangu au baba yangu. Kila mwaka ulikuja na jambo lake, na jambo lenyewe lilikuwa la haki. Lakini kila nilipoona watu wakikimbia kwenye televisheni, niliinuka kwenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nilikuwa na wivu. Sioni sababu ya kulificha neno hilo.

Nilipostaafu nilimwambia mume wangu kwamba nataka kukimbia kilomita arobaini na mbili kabla magoti hayajanikatalia. Alikuwa anamenya kiazi cha kuchemsha. Akauliza, na ng'ombe je? Maana mazoezi yangekuwa saa kumi na moja na nusu asubuhi, na maziwa lazima yafike kituoni kabla ya saa moja. Nikamwambia atakama yeye.

Mtu asiye wa kwetu hataelewa uzito wa jambo hilo. Mwanamume wa umri wake, mzee wa ukoo, kuchuchumaa chini ya ng'ombe na ndoo katikati ya magoti, na mke yupo, mzima, hana homa. Alimaliza kiazi chake, akasema atajaribu. Ng'ombe alimpiga teke siku mbili. Siku ya tatu alipofika kituo cha maziwa, wanaume wenzake walimwuliza kama jioni atawapikia watoto. Nyumbani hakuniambia. Niliyasikia kwa jirani. Nilimwona bora kuliko nilivyomwona siku ya harusi.

Mwaka huo kulitangazwa mbio za huko chini, upande wa Mbeere, zinazoanzia karibu na bwawa la Kiambere, zinakwenda kilomita ishirini na moja, zinageuka na kurudi zilikoanzia. Mwanzo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mstari wa mwisho unafungwa saa sita na nusu mchana. Asiyefika kwa muda huo anachukuliwa na lori linalofuata nyuma. Nilijiandikisha. Nilikuwa nimekimbia baridi ya Kibirichia mwaka mzima, niliweza kupanda kilima cha msitu bila kusimama, na nilijua kabisa kwamba barabara ya tambarare ni mchezo kwangu.

Kosa nililofanya ni kosa la mtu wa mlimani, na hakuna mwingine ambaye angeweza kulifanya kwa moyo mweupe namna ile. Sisi hatunywi maji. Nasema kweli. Maji kwetu ni ya kuogea, ya kunyunyizia mimea na ya kuweka kwenye sufuria ya chai. Mtu aliyetoka jasho akinywa maji baridi, tunaambiwa tangu utotoni, nimonia inamkamata kifuani kabla ya jioni. Kwa hiyo asubuhi ya mbio niliamka nikanywa vikombe vitatu vya chai ya maziwa yenye tangawizi, nikavaa sweta moja badala ya mbili kwa kuwa niliambiwa huko chini kuna joto, nikaanza. Kila penye meza ya maji vijana walininyooshea chupa nami nikawashukuru kwa adabu na kupita. Nilijiona mwerevu. Niliwaona wanaokunywa nikawahurumia vifua vyao.

Kilomita ya ishirini na saba barabara ilianza kuinama upande mmoja. Nikakaa chini ili inyooke, na sikuweza kusimama tena. Lori likafika, watu wawili wakanishika makwapani, nikapandishwa nyuma pamoja na wengine walioshindwa. Muuguzi wa pale alinivua sweta akaniuliza ni mara ngapi nimekunywa maji tangu asubuhi. Nikamwambia nimekunywa chai. Aliwatazama wenzake, na kwa heshima ya mvi zangu hakucheka, ila mabega yake yalitikisika.

Habari ilifika Kibirichia kabla yangu. Nilikuta nimepata jina jipya, yule aliyepanda lori, na hata watoto niliowafundisha a-e-i-o-u walilitumia wakidhani siko karibu. Goti la kulia lilivimba. Daktari wa Meru alilibonyezabonyeza akasema lina mwaka mmoja au miwili ya kukimbia, baada ya hapo nichague kati ya kukimbia na kutembea. Nilirudi nyumbani nimekasirika na kila kitu, na daktari, na chai, na mimi mwenyewe zaidi ya wote. Niliona haya kwa sababu ya mume wangu, aliyekama mwaka mzima ili mkewe akabebwe.

Nilimwambia nataka kujaribu tena. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nikamwambia, na akajibu kwamba koleo halina goti.

Kisha akasema, "Mwaka mmoja tu, Mwalimu. Ukipita huo, kila mtu arudi kwa kazi yake."

Nikakubali. Ilikuwa haki, na mimi pia nilijua goti halingenipa zaidi.

Nilimtafuta yule rafiki yangu wa chuo. Alikuwa amefundisha huko kwao mpaka akastaafu, sasa ana mbuzi na shamba la ndengu kando ya barabara ile ile ya mbio. Nilipomwambia yaliyonipata alicheka mpaka akaketi kwenye mfuko wa ndengu. Halafu akafuta macho akaniambia nihamie kwake wiki sita kabla ya mbio, nikajifunze kuishi. Sikuwa nimewahi kukaa nje ya nyumba yangu wiki sita tangu niolewe. Nilipanga nguo kwenye mkoba bila kumtazama mume wangu, na yeye akatoka akaenda kukata majani ya ng'ombe ambayo yalikuwa yamekatwa tayari.

Huko chini nilikuwa mwanafunzi. Rafiki yangu alinifunga saa mkononi na kila baada ya dakika ishirini alinipa kikombe cha maji yenye chumvi kidogo na ndimu, niwe na kiu nisiwe nayo, tukiwa tunapepeta ndengu au tumeketi tu. Siku za kwanza nilikuwa nayameza nimefumba macho. Nilingoja nimonia. Nililala nikisikiliza kifua changu, na asubuhi kifua kilikuwa kizima.

"Kwenu mnangoja kiu," aliniambia. "Huku kiu ikija, umeshachelewa."

Alinikimbiza saa tano mchana, saa ambayo hata mbuzi wake walikuwa wamelala chini ya vichaka. Sweta alizificha. Kitambaa cha kichwa alikilowesha na kunifunga upya. Nilivaa suruali ya michezo bila sketi kwa mara ya kwanza mbele za watu, na nilipomwambia kwamba akina mama wa kanisani wakiniona watanitoa kwenye kwaya, alisema basi watapungukiwa na sauti ya pili. Yeye mwenyewe hakukimbia. Nyonga yake ilikuwa imekwisha, alitembea kwa fimbo. Siku moja nilimwuliza kama mwaka ule wa chuo alikimbia zile mbio. Akasema hapana. Nilipoondoka mimi, mwalimu wa michezo alimwambia hawezi kusafiri na msichana mmoja peke yake kati ya wanaume, haipendezi, akamwacha. Hakuwahi kuniandikia hilo katika barua zake zote. Nilimwomba msamaha palepale, miaka arobaini baadaye, tukichambua ndengu, na alisema nisiache mawe kwenye zangu.

Siku ya mbio nilianza nyuma kabisa. Vijana waliondoka, wanaume wa umri wangu wakaondoka, nikabaki na kundi la akina mama wawili na mzee mmoja mwembamba aliyevaa kofia ya shamba. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nilijiambia, na sketi nilikuwa nimekwisha kuivua hadharani. Kila meza ya maji nilisimama nikanywa. Niligeuka kilomita ya ishirini na moja saa tatu na dakika ishirini, nimebakiza saa tatu na dakika kumi, na mwili wangu ulikuwa mzima. Nilipita mahali nilipoketi mwaka uliopita, palikuwa na mti mdogo wa miiba na mfereji mkavu. Nilipapita bila kupatazama.

Goti lilikataa kilomita ya thelathini na moja. Halikuuma polepole, lilikataa mara moja, nikachechemea hadi pembeni nikalishika. Wale akina mama wawili walinipita. Mzee mwenye kofia alikuwa nyuma, na nilipogeuka kumtazama nikaona anapandishwa kwenye lori. Basi kwenye barabara nikawa wa mwisho, na lori likaja likakaa nyuma yangu, hatua kama ishirini, likinguruma kwa gia ya kwanza.

Dereva alikuwa na adabu. Alitoa kichwa dirishani akaniambia, "Mama, panda tu. Umejaribu sana. Hakuna aibu."

"Wewe endesha gari lako," nikamwambia. "Na uniachie nafasi, moshi unaniingia puani."

Nilianza kupiga hesabu. Kilomita kumi na moja, saa moja na dakika hamsini. Nikitembea tu, muda utanipita kidogo. Nikikimbia, goti litavunjika. Kwa hiyo nikafanya kama nilivyofanya darasani na mtoto asiyejua kusoma: sikumwonyesha ukurasa mzima. Nilikimbia nguzo mbili za umeme, nikatembea moja. Mbili, moja. Penye nguzo zilizoanguka nilihesabu hatua. Niliongea na goti kwa Kimeru, na sitayaandika niliyoliambia.

Kilomita ya thelathini na sita rafiki yangu alikuwa amesimama barabarani na fimbo yake na mtungi. Alinimwagia maji shingoni, akanishikisha kikombe, nikanywa nikitembea, naye akajikokota kando yangu hatua chache. Nilitaka kumwambia linauma. Aliona mdomo wangu unafunguka akasema, "Usiniambie mimi. Nenda." Nilienda. Niliposikia fimbo yake imenyamaza nyuma yangu nilijua amesimama ananitazama, na nilikimbia nguzo tatu badala ya mbili.

Kufikia wakati huo watu waliokuwa kwenye lori walikuwa wameanza kuegemea upande wangu. Mwanzoni walinihimiza nipande ili nao wafike nyumbani, jua liliwachoma. Halafu mmoja akaanza kuhesabu nguzo kwa sauti, wengine wakaitikia, na yule mzee mwenye kofia akawa anamwambia dereva kila mara apunguze mwendo asinisukume. Nililia kidogo kilomita ya arobaini. Nilikuwa na hasira na goti na hasira na jua, na chini ya hasira hizo nilikuwa na furaha ambayo niliogopa kuigusa, kwa sababu zilibaki kilomita mbili na mtu anaweza kuanguka hata mlangoni.

Nilivuka mstari saa sita na dakika ishirini na mbili. Zilibaki dakika nane. Hema moja lilikuwa limekwisha kushushwa, na mtu mmoja alikuwa anakunja kamba za pembeni. Nilikaa chini penye vumbi nikalia kwa sauti, na sikujali ni nani ananiona.

Kijana mmoja alinipa simu yangu niliyokuwa nimeiacha kwenye meza yao, nikampigia mume wangu. Aliuliza neno moja tu, lori? Nikamwambia liko nyuma yangu. Nikamsikia akiwaambia kwa Kimeru watu walio karibu naye, amemaliza kwa miguu yake, na sauti nyingi za wanaume zikajibu kwa pamoja. Alikuwa kwenye kituo cha maziwa, saa sita mchana, saa ambayo hakuna anayepeleka maziwa. Nilimwuliza anafanya nini huko. Akasema alikuwa anapita tu.

Kisha nikaitwa kwenye meza ya mwisho kuandikishwa. Alikuwa hapo binti mmoja mwenye karatasi, amechoka, anataka kwenda nyumbani. Akaniuliza jina langu, nikamwambia. Umri, nikamwambia, akanitazama mara mbili. Halafu akaniuliza nawakilisha nani.

Sikuelewa. Akanionyesha karatasi. Kila mtu aliyemaliza alikuwa na jina lake, na mbele ya jina anachokiwakilisha: shule fulani, kanisa fulani, kikundi cha vijana, marehemu baba yangu, watoto yatima. Akasema labda nawakilisha shule niliyofundisha. Nikasema hapana, shule nilishaifundisha. Kanisa? Kanisa halikunituma. Wajukuu, basi, akina mama wengi wanaandika wajukuu. Nilifikiri juu ya wajukuu, nawapenda, lakini hata mmoja hakuwa akingoja mimi nikimbie kilomita arobaini na mbili. Nilisimama pale na goti langu linapiga kama moyo wa pili, nikatafuta mtu aliyeihitaji kazi hii. Miaka yangu yote nilikuwa nimemaliza vitu vya watu: silabasi, mavuno, miaka ya mama mkwe wangu kitandani, nguo za watoto wanne. Vyote vilikuwa na mwenyewe aliyesimama akivingoja.

"Andika hakuna," nikamwambia.

"Nafasi haiwezi kubaki tupu, mama. Watanirudishia karatasi."

"Basi andika jina langu tena."

Aliniangalia aone kama natania. Kisha akaniuliza herufi zake, taratibu, na akaliandika mara ya pili.